Kibati cha Shingoni: Namba na Jina katika Majeshi ya Afrika Mashariki

Kibati cha utambulisho ni kisahani kidogo ambacho askari huvaa shingoni, kikiwa kimepigwa chapa ya namba yake, jina lake na, katika majeshi mengi, dini yake. Askari aliye hai hakihitaji sana, kwa kuwa anaweza kujitaja mwenyewe. Kibati humsemea aliyekwisha kunyamaza, ili asizikwe bila jina na ili habari ya kifo chake ifike kwao. Makala hii inaeleza historia ya kifaa hicho na matumizi yake kwa askari na wapagazi wa Afrika Mashariki, hususan waliotoka Uganda. Hoja yake ni kwamba kibati hakihifadhi jina la mtu. Jina huhifadhiwa na daftari lililo nyuma ya kibati, na mamlaka iliyo tayari kulifungua.

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865), baadhi ya askari waliandika majina yao kwenye karatasi na kuzibandika migongoni mwa makoti kabla ya kuingia vitani. Prussia ilitumia vibati katika vita vyake na Ufaransa mwaka 1870. Uingereza ilianza kutoa vibati vya alumini mwaka 1907, lakini kila askari alipewa kimoja tu. Dosari yake ilidhihirika upesi: kibati kilipoondolewa ili kupeleka taarifa, maiti ilibaki haitambuliki tena. Septemba 1916 vikawekwa viwili. Cha kijani, chenye pembe nane, kilibaki na maiti. Chekundu, cha mviringo, kilichukuliwa. Mikataba ya Geneva ya 1949 inafuata mantiki hiyohiyo.

Mwaka huohuo wa 1916, maelfu ya wapagazi kutoka Uganda walikuwa wakibeba mizigo ya majeshi ya Wabelgiji yaliyoelekea Tabora, katika kikosi kilichoitwa Carbel. Maelfu wengine walitumikia majeshi ya Waingereza katika Kikosi cha Wapagazi, ambacho jina lake la Kiingereza limesalia katika Kariakoo ya Dar es Salaam. Wapagazi hawa hawakuwa na bunduki, na wengi wao waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa kuliko risasi. Katika Kikosi cha Wapagazi walichukuliwa alama za vidole na kupewa vibati vyenye namba. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba serikali haikujua namna ya kuwatambua. Hata hivyo, namba humfaa marehemu pale tu inapoweza kurudishwa kwenye jina, kijiji na jamaa. Mnyororo huo ulikatika mara nyingi, na mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikupata wa kuidai. Fedha hizo hazikufika vijijini.

Neno lenyewe linastahili kutazamwa. Baada ya vita hivyo, sheria ya usajili iliyotungwa Kenya mwaka 1915 ilianza kutekelezwa, na wanaume Waafrika wakalazimishwa kubeba kipande, hati yenye alama za vidole iliyotiwa katika kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Umbo lilifanana na la kibati cha jeshi, lakini kusudi lilikuwa jingine: kumdhibiti mfanyakazi aliye hai asimtoroke mwajiri. Ndiyo maana kukiita kibati cha askari "kipande", ingawa si kosa la sarufi, kunachanganya kumbukumbu mbili ambazo wazee wangezitenganisha.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, askari wa Keya walihesabiwa kwa uangalifu zaidi. Batalioni ya 4, ya Uganda, ambayo kambi yake ilikuwa Jinja, ilipigana Burma mwaka 1944. Makaburi ya vita ya Jinja yanaonyesha utaratibu huo: jiwe la kawaida la Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola huchongwa namba, cheo, jina, kikosi na tarehe, yaani kwa sehemu kubwa yaleyale yaliyokuwa shingoni. Wasio na kaburi linalojulikana huko Burma wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon, katika makaburi ya Taukkyan. Meli ya Khedive Ismail ilipozamishwa katika Bahari ya Hindi tarehe 12 Februari 1944, mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki walizama na vibati vyao. Orodha ya abiria na madaftari ya kikosi ndivyo vilivyookoa majina.

Wapagazi wa vita vya kwanza hawakupata hata hilo. Sanamu za askari zilizosimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zina maandishi yanayoahidi kwamba majina yatakumbukwa, na jambo la ajabu ni kwamba hazina hata jina moja. Aprili 2021, ripoti iliyotolewa na Tume hiyo ilikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao kutoka Afrika na India, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakutajwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa familia za Nkoma, Mbale na miteremko ya Masaba, hasara hiyo si ya takwimu. Miongoni mwa Wamasaba, mtoto huweza kupewa jina la jamaa aliyekwisha kufa, na asiyejulikana kama amekufa huacha swali katika ukoo. Hapa ndipo wanaisimu wanapohitajika. Majina mengi ya wanaume wa Kimasaba huanza na Wa-, na karani aliyezoea Kiswahili angeweza kuidhania kuwa kiambishi cha wingi na kuikata. Mwingine angeandika r mahali pa l, au angechukua jina la baba likawa la mwana. Anayemtafuta mpagazi mmoja katika madaftari yaliyosalia hana budi kumtafuta chini ya herufi mbili au tatu, kisha kulinganisha kila tahajia na namba, wilaya na jina la chifu aliyemwandikisha.