Kupanda Si Kazi, Kazi ni Kutunza

Wahenga walinena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Usemi huo wafaa kabisa kwa mti, na ushahidi tunao kwa jirani zetu wa Kenya.

Mwaka 1977, chini ya Baraza la Taifa la Wanawake la nchi hiyo, marehemu Profesa Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement, chama cha hiari kisichotafuta faida. Jaribio lake la awali lilikuwa limeshindwa. Miche mingi ilikauka kwa kukosa maji. Katika chama hiki, akina mama wa vijijini waliokota mbegu, wakaotesha miche vitaluni na kuigawa kwa majirani. Walilipwa senti chache, tena si kwa mche uliopandwa, bali kwa mche ulioshika mizizi na kuishi. Walikuwapo wataalamu waliodai kwamba kazi hiyo yataka stashahada. Akina mama wakawajibu kwa vitendo: miti iliyopandwa imepita milioni 50.

Kutunza kulimtaka pia ujasiri. Mwaka 1989 alipinga mnara wa ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, haukujengwa. Januari 1999 alikwenda na wenzake kupanda miche katika msitu wa Karura, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi. Walinzi wakawapiga, naye akajeruhiwa kichwani. Msitu huo ungalipo hata leo. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alifariki mwaka 2011.

Sisi askari twajua kwamba kilima huweza kutekwa kwa siku moja, lakini kukishika ni kazi ya kila siku. Machi 2010, mvua kubwa iliporomosha mteremko wa Mlima Elgon na kukifukia kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa. Askari na wananchi walifukua maiti kwa majembe. Mlima ule ni wetu na Kenya, na maporomoko hayajui mpaka.

Ndugu msomaji, nasi tunaoandaa sherehe za kupanda miti hatuna budi kujihoji. Mgeni rasmi akisha kupigwa picha na kuondoka, ni nani atakayerudi kesho kuumwagilia mche ule maji?