Tanini ya matunda haisafishi mahindi yenye sumukuvu

Ukakasi wa ndizi mbichi na mapera, matunda yanayojulikana sana Rugaaga na Mbarara, hutokana na tanini. Sumukuvu ya mahindi hubadili vinasaba vya ini na kuleta saratani. Kwenye maabara, asidi ya elajiki, itokanayo na tanini za matunda kama komamanga, imepunguza mabadiliko hayo katika bakteria. Lakini bakteria si binadamu, na tunda halisafishi gunia.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania, kisha ikayaruhusu kwa masharti: cheti kionyeshe sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Kula matunda kwa afya. Mahindi yaanike juu ya turubai, unyevu usizidi asilimia 13.5, yapimwe, ndipo upakie.