Ukiwasha VPN Skrini ya Kompyuta ya Dukani Inakuwa Nyeusi? Anzia Hapa

Wadau, wengi wetu siku hizi kompyuta yenye oda na stoo iko dukani, sisi wenyewe tuko nyumbani au njiani kufuata mzigo. Tunaingia kwa mbali: wengine kwa AnyDesk, wengine TeamViewer, wengine ile Remote Desktop ya Windows. Halafu mtu huyo huyo ana VPN, ama ya kufungua mtandao uliofungwa, ama ya kujilinda akiwa kwenye Wi-Fi ya bure. Hivi vitu viwili vinagombana sana. Unawasha VPN, picha ya dukani inaganda, au inakuwa nyeusi, au unaambiwa kompyuta haipo hewani. Na mteja anasubiri bei ya jumla ambayo iko kwenye faili la huko huko.

Watu wengi hukimbilia kufuta AnyDesk na kuiweka upya. Mimi naona ni kuchoma bando bure. Zima VPN kwanza, ingia tena. Skrini ikirudi, mgomvi ni VPN na makala hii ni yako. Ikibaki nyeusi hata VPN ikiwa imezimwa, angalia dukani: huenda kompyuta imelala, au skrini yake imechomolewa. Kompyuta isiyo na skrini iliyochomekwa mara nyingi inakuonyesha giza tupu ukiingia kwa mbali.

Sasa kwa nini wanagombana? VPN kazi yake ni kubadilisha njia. Kabla hujaiwasha, data inatoka kwenye laptopu yako, inapita kwenye rauta, inaingia mtandaoni. Ukiiwasha, karibu kila kitu kinapelekwa kwanza kwenye seva ya VPN, labda iko Ujerumani au Marekani, ndipo kiende kinakokwenda. Kama ulikuwa katikati ya kuangalia skrini ya dukani, ile njia mliyokuwa mnaongelea imekatwa ghafla. AnyDesk huwa inajiunga tena baada ya muda mfupi. Kwa hiyo washa VPN kwanza, subiri itulie, ndipo uingie. Hilo peke yake linamaliza nusu ya malalamiko.

Nusu iliyobaki inategemea VPN imewashwa upande gani.

Ikiwa upande wa dukani, hapo kuwa makini kweli. Kuwasha VPN kwenye kompyuta ya dukani ukiwa mbali ni kama kufunga mlango funguo zikiwa ndani. Mdogo wangu aliwahi kupakua VPN ya bure pale dukani ili aangalie video fulani, akafunga duka akaondoka ikiwa inafanya kazi. Saa tatu usiku nina oda 11 za mikoani, mabasi yanatoka alfajiri, majina na saizi za viatu vyote viko kwenye ile kompyuta. Naingia, naambiwa haipo hewani. Ile VPN ilikuwa imekatika yenyewe, na ilikuwa na kile kitufe kinachoitwa "kill switch", ambacho VPN ikikatika kinazuia intaneti yote ili usionekane. Kitu kizuri kwa faragha, kibaya kwa kompyuta ambayo hakuna mtu mbele yake. Ikabidi bodaboda usiku ule hadi dukani na kurudi, faida ya pea mbili ikaishia kwenye mafuta. Tangu hapo kompyuta ya oda haina VPN ya bure, na akaunti anayotumia mdogo wangu haina ruhusa ya kuweka programu. Mkigombana kuhusu hilo, gombaneni tu.

Ikiwa VPN iko upande wako wewe unayeangalia, kuna mambo matatu ya kukagua.

La kwanza ni mtandao wa ndani. Hii inawapata wenye kompyuta mbili sehemu moja, mfano moja kaunta na nyingine stoo ya nyuma, zote kwenye rauta moja. Unawasha VPN kwenye ya kaunta, ya stoo haionekani tena, na printa ya Wi-Fi nayo imepotea, hata kurusha picha ya simu kwenye TV kwa ajili ya laivu kunagoma. Hakuna kilichoharibika. Programu nyingi za VPN zinafunga mtandao wa ndani makusudi kwa usalama. Ingia kwenye mipangilio ya VPN utafute maneno kama "Allow LAN" au "Local network", ruhusu. Ila fanya hivyo ukiwa dukani au nyumbani kwako. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya mgahawa, funga tena.

Palepale utakuta pia "Split tunneling". Hii ndiyo ninayoipenda zaidi, maana unachagua programu ipi ipite kwenye VPN na ipi ipite njia ya kawaida. Iweke AnyDesk au Remote Desktop nje ya VPN, kivinjari kibaki ndani. Kama unatumia VPN iliyomo kwenye Windows yenyewe, nenda kwenye sifa za huo muunganisho, IPv4, Advanced, uondoe tiki kwenye "Use default gateway on remote network".

La pili ni anwani kufanana. Hili ni kwa mwenye VPN ya kwake iliyowekwa kwenye rauta ya dukani. Rauta nyingi zinatoka kiwandani na anwani zilezile: 192.168.1.1, 192.168.0.1, na vile vimodemu vya Huawei 192.168.8.1. Nyumbani una 192.168.1, dukani 192.168.1. VPN inaandika imeunganishwa, kijani kabisa, lakini ukiita kompyuta ya dukani namba 192.168.1.20, laptopu inaitafuta hapo hapo sebuleni. Ni kama kumtuma bodaboda "nyumba namba 20" bila kumtajia mtaa, ataishia mtaa aliopo. Dawa ni kubadilisha anwani ya rauta ya dukani iwe isiyo ya kawaida, mfano 192.168.77.1, kisha uwashe upya kila kitu kilichounganishwa nayo. Fanya hiyo kazi ukiwa dukani kwa miguu yako, siyo kwa mbali.

La tatu ndilo linalosumbua vichwa: unaingia vizuri, nywila inakubali, halafu skrini nyeusi. Watu wanasema "si imeunganishwa?" Ndiyo, imeunganishwa. Data inasafiri kwa vifurushi, na kwenye mtandao wa kawaida kifurushi kikubwa kabisa ni baiti 1500. VPN inachukua kifurushi chako na kukifunga ndani ya boksi lingine, kwa hiyo nafasi inapungua. Nywila ni kifurushi kidogo, kinapita. Picha ya skrini ni vifurushi vikubwa, havienei kwenye buti, vinaachwa stendi. Jaribu: VPN ikiwa imewashwa, fungua Command Prompt uandike ping -f -l 1372 kisha anwani ya kompyuta ya dukani. Isipojibu, shusha hiyo namba kidogo kidogo hadi ijibu, kisha ongeza 28. Hicho ndicho kipimo chako, kinaitwa MTU. Kama hata namba ndogo haijibu, huenda kompyuta ya dukani imezuia ping, hapo usihesabu matokeo. Kwenye WireGuard unaandika tu MTU = 1280 kwenye faili la mipangilio na mara nyingi picha inarudi. VPN nyingine zinakupa sehemu ya kujaza au zinakuruhusu kubadilisha itifaki. Jaribu nyingine iliyopo kwenye orodha.

Wa simu, kumbukeni Android inaruhusu VPN moja tu kwa wakati mmoja. Kama unaingia dukani kwa Tailscale, ile inayowapa vifaa vyako anwani zinazoanza na 100, basi ukiwasha VPN nyingine Tailscale inazimwa kimyakimya. Huwezi kuwa nazo zote mbili, chagua kwa wakati huo unafanya nini.

Halafu kuna fundi atakayekwambia achana na yote haya, fungua mlango 3389 kwenye rauta uingie moja kwa moja na Remote Desktop. Mkatalie. Mlango huo ukiwa wazi kwa dunia nzima, wezi wanaujaribu usiku na mchana, na wakiingia wanafunga mafaili yako kwa nywila na kudai pesa. Daftari la madeni ya wateja liko humo.

Kwa waliopo Tanzania, Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa zao, mwisho ukawekwa tarehe 30 mwezi huo. Kama VPN yako ni ya kazi, hakikisha umeiandikisha kabla hujaanza kuhangaika na MTU.