Neno "Mwenzetu": Lugha na Ujirani wa Wanachuo, toka Kirungu hadi Lubumbashi

Asikilizaye mazungumzo ya wanachuo wa shahada za juu katika Kongo ya mashariki hatakosa kulisikia neno "mwenzetu" mara nyingi. Kimofolojia neno hili halina shida: ni "mwenzi" na "wetu", yakafupishwa na kuunganishwa, kama ilivyo katika "mwenzangu" na "mwenziwe". Utata umo katika huo "wetu". Wetu sisi akina nani? Sisi wa darasa hili, au sisi wa kwetu, tuliotoka ufuko mmoja wa ziwa? Makala haya yanakusudia kueleza namna swali hilo lilivyojibiwa mahali pawili, Kirungu na Lubumbashi. Wengi hudhani kwamba watu wa makabila mbalimbali wakipewa lugha moja, umoja utazaliwa wenyewe. Historia yetu haithibitishi dhana hiyo.

Tuanze na Kirungu, juu ya bandari ya Moba, ambako Mapadre Weupe walianzisha misheni mwaka 1893 wakaipa jina la Baudouinville. Miaka minane kabla ya hapo walikuwa wamekabidhiwa ngome ya Mpala, iliyojengwa na Kapteni Storms mwaka 1883. Vijiji vya misheni havikuwa vijiji vya kabila moja. Pamoja na Watabwa, wenyeji wa nchi ya Marungu, walikuwamo watoto na watu wazima waliokombolewa kutoka misafara ya watumwa, na hao walikuwa wa asili mbalimbali. Wengine walichukuliwa wadogo mno hata hawakuweza kutaja jina la nchi yao. Kwa watu wa namna hiyo Kiswahili hakikuwa lugha ya kuongeza juu ya lugha ya mama. Kilikuwa ndiyo nyumba iliyobaki baada ya nyumba ya kwanza kuteketea.

Katika mazingira hayo, mwishoni mwa karne ya 19, Askofu Victor Roelens aliwaanzisha vijana wachache masomo ya Kilatini huko Mpala. Mmoja wao, Stefano Kaoze, mzaliwa wa Marungu, alipadrishwa Baudouinville tarehe 21 Julai 1917, akawa padre wa kwanza Mkongo wa zama hizi (maana ufalme wa kale wa Kongo ulikwisha kuwa na mapadre wake). Baadaye seminari kuu ya Baudouinville ilipokea vijana kutoka vikariati za jirani, hata za Kivu. Mshi, Mnande na Mtabwa walikaa benchi moja. Darasani palikuwa na Kilatini na Kifaransa. Kiswahili kilikuwa lugha ya uani, ya jembe na ya utani.

Umoja huo ulikuwa na bei yake, nasi hatuna budi kuitaja. Ulisimama juu ya kengele, sare na amri; asiyetii alirudishwa kwao. Tena lugha ya wenyeji ilisogezwa kando, ingawa Padre Auguste Van Acker alikwisha kuichapishia kamusi ya Kitabwa na Kifaransa mwaka 1907. Hadi leo yako makanisa katika jimbo la Kalemie-Kirungu ambamo bibi hukiri dhambi zake kwa Kiswahili na kumlilia maiti wake kwa Kitabwa. Mwandishi haoni aibu katika jambo hilo, ila anaona kwamba lugha ya wote na lugha ya moyo si lazima ziwe moja.

Lubumbashi ni habari nyingine. Chuo kikuu kilichoanza huko mwaka 1956 kiliunganishwa mwaka 1971 na vile vya Kinshasa na Kisangani, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Kitivo cha Fasihi kiliwekwa Lubumbashi. Kwa hiyo kijana wa Bandundu au wa Ekweta aliyetaka kusomea isimu ilimlazimu kuvuka nchi nzima na kufika katika mji ambao sokoni watu husema "batoto" na "batu". Muungano ulivunjwa mwaka 1981, lakini mchanganyiko wa wanachuo ulibaki. Kifaransa kilikuwa cha mihadhara. Kwenye mabweni, Kiswahili, Lingala na Kiluba viligawana vyumba.

Kisha ukaja usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990. Wanachuo wa Lubumbashi walivamiwa mabwenini na watu wenye silaha. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Ushuhuda uliotolewa baadaye unaeleza kwamba palikuwa na neno la siri, "lititi mboka", na kwamba aliyeweza kulijibu, kwa kuwa ni mtu wa jimbo la Rais, aliachwa apite. Hapo lugha iligeuzwa chekeche. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu kutoka Shaba. Wengi wao walizaliwa humo na Kiswahili chao hakikutofautiana hata kidogo na cha majirani waliowafukuza. Mwanaisimu anayedai kwamba lugha ya pamoja inatosha na aeleze jambo hilo kwanza.

Basi ni kitu gani huutanua ule "wetu"? Kwa maoni yetu, ni kazi zinazowalazimu watu kuhesabiana kwa kipimo kingine kisicho asili. Desturi ya kumtesa mwanachuo mpya, aitwaye "bleu", desturi tuliyorithi kwa Wabelgiji, haifanyi hivyo. Humfundisha tu kungoja zamu yake ya kutesa. Vyama vya watu wa jimbo moja, vile tuviitavyo "mutuelle", vina wema wake: humpokea mgeni kituoni na kumtafutia godoro. Lakini humpokea kama mtu wa kwao, na mara nyingi hapo ndipo anapokomea.

Katika ngazi ya juu, wanachuo wakiwa wachache na kila mmoja akihangaika na tasnifu yake, nimeona jambo moja likifanya kazi zaidi ya hotuba. Mmoja akifiwa, daftari la mchango wa matanga hushikwa na watu wa mwaka wake wa masomo, wale wa "promosyo", si na watu wa jimbo lake. Mweka hazina huandika jina na kiasi, basi. Kwa mtu wa Kalemie au wa Moba hilo si dogo, kwa kuwa safari ya kumzika mzazi ni ndefu na ya gharama, na ndugu wa Lubumbashi ni wachache. Arudipo, hutaja kwa majina waliomsafirisha. Katika orodha hiyo nimesikia Mluba wa Kasai, Mbembe na Mkongo wa Matadi wakiitwa kwa mpigo mmoja "yaya zangu", neno ambalo Kiswahili cha huku humpa mkubwa wa tumbo moja.