Mpaka wa Ujenzi Kandokando ya Mto Nyando
Anayenunua kiwanja katika Uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, huenda akapima umbali wa nyumba yake kuanzia yalipo maji wakati wa kiangazi. Hapo ndipo hukosea. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilikataza ujenzi kando ya mto, kati ya mita 6 na 30 kila upande, kwa kuzingatia kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Nacho hupanda. Mwezi Mei 2020 Ziwa Viktoria liliipita rekodi yake ya 1964. Mei 2024 likapanda zaidi. Ziwa likijaa, maji ya Nyando hukosa njia, yakatapakaa mashambani. Hivyo, kigingi kilichosimikwa kihalali zamani chaweza leo kuwa ndani ya eneo lililokatazwa, ilhali hatimiliki, ambayo wengi huitegemea mno, haikubadilika hata neno.