TUSITEGEMEE CHAI PEKE YAKE
Pesa ya kaunti kwa viwanda vidogo: inatoka wapi, inaombwa lini, na tujipange vipi



Ukitoka Bomet mjini na kushuka kuja kwetu Sigor, unaiacha chai nyuma yako. Kule juu, Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek, chai imefunika vilima na viwanda vyake viko karibu na mashamba. Huku kwetu Chepalungu mvua ni chache, chai haitupendi sana. Sisi tuna ng'ombe, mahindi, wimbi na viazi vitamu.

Hata hivyo, sisi pia tunaishi kwa chai. Vijana wetu wengi wamekwenda Kericho na Konoin kuchuma majani. Pesa wanayotuma nyumbani inalipa karo na kununua mbolea. Anayeuza mahindi au kuku huku chini anawauzia watu wa chai. Kwa hiyo chai ikiyumba, Sigor nayo inayumba.

Na chai imeyumba. Bei yake hupangwa kwenye mnada wa Mombasa, si shambani. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya hutoka nchini ikiwa kwenye magunia, bila kufungwa kwenye pakiti, na kazi ya kuchanganya na kufunga hufanywa ng'ambo, pamoja na faida yake. Halafu zikaja mashine za kuchuma. Mwezi wa Mei 2023 mashine za namna hiyo zilichomwa moto huko Kericho na watu wenye hasira. Kuchoma si jibu, lakini hasira ile ilitueleza jambo: watu waliona kazi inawatoka mikononi, na hawakuona kazi nyingine inayokuja.

Kazi hiyo nyingine itatoka wapi? Ndilo swali la makala hii. Eneo likiwa na kiwanda cha aina moja tu, ni kama boma lenye ng'ombe mmoja. Tunahitaji viwanda vya aina nyingi, hata vidogo: maziwa, unga, viazi, asali, ngozi. Serikali ya kaunti ina pesa ya kusaidia. Lakini pesa hiyo ina njia yake, na asiyeijua njia hubaki akisubiri barabarani.

PESA HII NI YA NANI?

Wazee watakumbuka habari ya zamani. Mwaka 1983 serikali ilisema mipango ya maendeleo itoke wilayani. Mwaka 1998 ikaja sheria ya kuyapa mabaraza ya miji na ya wilaya sehemu ya kodi ya mapato. Mwaka 2003 ikaanza CDF, iliyo chini ya eneo la bunge. Watu wengi bado wanaichanganya CDF na pesa ya kaunti. Si kitu kimoja. Sheria ya mwaka 2015 iliielekeza CDF kwenye kazi za serikali kuu, kama vile shule. Kazi za kilimo, vyama vya ushirika, masoko, biashara na vyuo vya ufundi vya vijijini zimewekwa na Katiba ya 2010 chini ya kaunti. Basi ukitaka tangi la maziwa, usimwendee mbunge. Nenda kwa mjumbe wa wadi, yaani MCA, na kwa maofisa wa kaunti.

Katiba inasema kaunti zote 47 kwa pamoja zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, mgao wa Bomet ulikuwa karibu shilingi bilioni 6.7. Sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo kwa kipindi cha miaka kadhaa.

Tufanye hesabu ya kienyeji. Asilimia 30 ya bilioni 6.7 ni kama bilioni 2. Bomet ina wadi 25. Ungeigawa pesa hiyo sawasawa, kila wadi ingepata kama milioni 80. Na ndani ya milioni hizo 80 kuna barabara, maji, zahanati na madarasa ya chekechea. Kaunti haigawi hivyo, lakini hesabu hii inatuonyesha kwamba pesa ya viwanda si bahari. Ni kisima, na wenye ndoo ni wengi.

Kuna pia mpango wa serikali kuu na kaunti wa kujenga vituo vya kukusanya mazao na kuweka viwanda pamoja, kituo kimoja kila kaunti. Kwa mpango huo, serikali kuu hutoa shilingi milioni 250 na kaunti milioni 250. Linganisha na ile hesabu yetu: mchango wa kaunti peke yake unazidi fungu la wadi tatu. Ndiyo sababu watu wa Sigor wana haki ya kuuliza: mazao yetu yatafikaje kwenye kituo hicho? Nani atayakusanya? Barabara ya mvua ni ipi?

KALENDA YA KAUNTI

Wengi husema, "Tuliomba, hatukupewa." Mara nyingi shida ni kwamba tuliomba wakati mlango umefungwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini maneno yake huanza karibu mwaka mzima kabla. Bandikeni tarehe hizi ukutani:

1. Kufikia Septemba 1: Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unapelekwa kwenye bunge la kaunti. Ombi lenu liwe limefika kabla ya Agosti.

2. Kufikia Februari 28: Taarifa ya sera ya fedha inawasilishwa. Hapo ndipo kila idara inajua itapata kiasi gani.

3. Kufikia Aprili 30: Makadirio ya bajeti yanafika kwenye bunge la kaunti. Kamati ya bajeti lazima isikilize wananchi.

4. Kufikia Juni 30: Bajeti inapitishwa.

Juu ya hayo yote kuna mpango mkubwa wa miaka mitano. Maofisa huuita CIDP. Wa kwanza ulikuwa wa 2013 hadi 2017, wa pili 2018 hadi 2022, na wa tatu ni wa 2023 hadi 2027. Mradi usiotajwa kwenye mpango wa miaka mitano ni vigumu kuingia kwenye mpango wa mwaka, na usioingia kwenye mpango wa mwaka ni vigumu kuingia kwenye bajeti. Kikundi kinachokwenda mwezi wa Mei kuomba tangi kwa Julai hiyo hiyo kimechelewa. Kisikate tamaa. Kiandike ombi la mwaka unaofuata.

Mnaweza kuomba kuiona mipango hii. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ombeni kwa heshima, kwa barua, na mbaki na nakala yenye mhuri wa ofisi.

KAUNTI HAITOI PESA MKONONI

Tuseme ukweli. Kuna vikundi vinavyoundwa siku moja kabla ya mgeni kufika, vikitumaini bahasha. Sheria hairuhusu ofisa kugawa pesa ya umma hivyo. Kwa kawaida kaunti hununua kifaa kwa zabuni na kukikabidhi kwa chama, au hujenga nyumba, au hutoa mafunzo, au hukopesha kupitia mfuko ulioundwa kisheria. Kwa hiyo lazima kuwe na mpokeaji anayetambulika. Kikundi kisajiliwe katika ofisi ya maendeleo ya jamii, chini ya sheria ya vikundi ya mwaka 2022. Mkitaka kufanya biashara kubwa, undeni chama cha ushirika. Watu kumi wanatosha kuanza.

JENGO SI KIWANDA

Wengi wetu tumewahi kuliona mahali fulani: jengo zuri, geti limefungwa kwa mnyororo, nyasi imeota mlangoni, na kibao bado kinang'aa. Pesa ilitumika, lakini hakuna aliyeuliza malighafi itatoka wapi kila siku.

Kule Makueni, serikali ya kaunti ilijenga kiwanda cha maembe huko Kalamba, kilichozinduliwa mwaka 2017, ili mkulima asiuze kwa bei ya kutupa kwa dalali. Lilikuwa wazo jema. Lakini embe lina msimu, na kiwanda kinachotegemea embe peke yake hakiwezi kuwa na kazi ile ile mwaka mzima.

Karibu na sisi, Siongiroi, wakulima wa hapa hapa Chepalungu walianzisha kituo cha kupoza maziwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa shirika la Heifer International. Maziwa yana nafuu moja: ng'ombe hukamuliwa kila siku. Hata hivyo nayo yana kiangazi chake.

Tuchukue mfano wa kikundi chochote cha hapa. Kinaomba tangi la lita 3,000. Wanachama ni 150, kila mmoja analeta lita 5. Hizo ni lita 750 kwa siku, robo tu ya tangi. Tuseme umeme, mlinzi na karani ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwa lita 750 kwa siku, kila lita inabeba karibu shilingi 2 na senti 70. Yangefika lita 2,000 kwa siku, kila lita ingebeba shilingi moja tu. Tangi ni lile lile, umeme ni ule ule. Tofauti ni maziwa.

Basi kabla ya kuomba tangi, pimeni maziwa. Na msipime Mei wakati majani ni mengi. Pimeni Februari, wakati ng'ombe amekonda. Kipimo cha Februari ndicho kitakachowaambia kama mnaomba tangi kubwa, tangi dogo, au mwaka huu muombe tu mafunzo ya kuhifadhi majani ya ng'ombe.

MAZIWA YA JIONI NI YA NANI?

Kuna jambo ambalo halizungumzwi mikutanoni. Katika maboma yetu mengi, maziwa ya asubuhi huuzwa na pesa huenda kwa mzee. Maziwa ya jioni ni ya mama. Anawapa watoto, anaweka mursik kwenye kibuyu, na akibakisha kidogo anauzia jirani apate pesa ya chumvi na sabuni.

Tangi likija, maziwa ya jioni nayo yanaweza kupozwa na kuuzwa. Ni faida. Lakini akaunti ikiwa ni ya mzee peke yake, mama amepoteza pesa yake ndogo na mtoto amepoteza kikombe chake. Boma limepata pesa zaidi na chakula kidogo zaidi. Mwishowe mama, ambaye ndiye anayekamua, hataona sababu ya kujisumbua, na tangi litakosa maziwa.

Kamati iamue mapema: maziwa ya jioni yaandikwe kwa jina la nani? Vyama vinaweza kumruhusu mke awe mwanachama kwa jina lake. Na mursik yenyewe, ile ya mkaa wa senetwet, ni bidhaa ambayo akina mama wanaijua kuliko mtaalamu yeyote. Usafi ukipimwa na kibali kikipatikana, hiyo nayo ni kiwanda.

KABLA YA KWENDA KWENYE MKUTANO WA BAJETI

Msiende watu wawili na maneno matupu. Nendeni wengi, mkiwa na karatasi moja yenye mambo haya:
- Jina la kikundi na namba ya usajili.
- Idadi ya wanachama, wanaume na wanawake.
- Kiasi cha mazao mwezi wa mvua na mwezi wa kiangazi.
- Akiba iliyoko benki, hata ikiwa ndogo.
- Kitu kimoja mnachoomba. Kimoja, si kumi.
- Nani atalipia umeme na matengenezo.
- Kama ni jengo, ardhi ni ya nani na hati iko wapi.

Mweka hazina awe na daftari linaloweza kusomwa na mwanachama yeyote. Ofisa akiona daftari safi, anajua kifaa hakitapotea.

Bwana Yesu alizungumza juu ya mtu aliyetaka kujenga mnara bila kukaa kwanza akapiga gharama, akaishia kuchekwa. Sisi Sigor hatuhitaji mnara mwingine wa kuchekwa. Tukae chini, tupige hesabu, kisha twende tukadai kilicho chetu kwa tarehe inayofaa.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika boma lako, ni pesa kiasi gani hutoka kwenye chai? Ikikoma leo, mtafanya nini?
2. Ni zao gani letu linalopatikana miezi yote kumi na miwili?
3. Nani kati yetu ameuona mpango wa miaka mitano wa kaunti? Nani atakwenda kuuomba, na lini?
4. Akina mama waseme kwanza: maziwa ya jioni yaandikwe kwa jina la nani?