Kaitaba Ilipoacha Kutisha

Msimu wa 2016/17 Kagera Sugar ilimaliza Ligi Kuu katika nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Simba, mbele ya Azam. Mei 2018 iliifunga Simba bao 1-0 jijini Dar es Salaam, mbele ya Rais Magufuli, siku Simba ilipokabidhiwa kombe ikiwa haijapoteza mchezo. Mwaka 2025 timu hiyo hiyo ikashuka daraja. Bahati mbaya haielezi anguko la miaka saba.

Dalili ilionekana mapema. Msimu wa 2018/19 Kagera Sugar iliifunga Simba, bingwa wa msimu huo, nyumbani na ugenini, na bado ikalazimika kucheza mchujo dhidi ya Pamba ya Mwanza ili isishuke. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Katika ligi ya timu 16, kama ya 2024/25, michezo dhidi ya Simba na Yanga ni minne kati ya 30. Anayeshuka huwa ameshushwa na ile 26 mingine, inayochezwa majukwaa yakiwa nusu tupu na isiyosimuliwa na mtu. Mashabiki wa Muleba waliokodi Hiace kuja Bukoba kuwaona vigogo walikuwa wakitazama michezo ambayo haikuamua hatima ya timu yao.

Msimu wa 2024/25 ulianza vibaya Kaitaba, uwanja wake wa nyumbani mjini Bukoba: kipigo kutoka Singida Black Stars, kisha 2-0 kutoka Yanga. Desemba Simba ikashinda 5-2. Benchi likapita mikononi mwa Paul Nkata, Melis Medo na hatimaye Juma Kaseja. Kila kocha huja na mfumo wake, huku wachezaji wakiwa wamesajiliwa kwa mfumo wa mwingine. Wiki za kuzoeana hulipwa kwa pointi, na pointi zilizopotea ndizo huleta kocha anayefuata. Mzunguko huo hujilisha wenyewe.

Nyuma yake kuna jambo zito zaidi. Mtibwa Sugar, timu ya wamiliki wale wale wa kiwanda cha sukari kinachoiendesha Kagera Sugar, bingwa wa 1999 na 2000, ilishuka msimu mmoja kabla. Mtibwa ilirejea haraka, lakini timu mbili za mfuko mmoja kushuka kwa kufuatana si jambo la kupita bila kuhojiwa. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa haki za matangazo wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Ushindani wa usajili ukapanda, na timu ya kiwanda ikajikuta ikishindana na klabu zilizofungua milango mingine ya fedha.

Baada ya kushuka, hesabu ikawa mbaya zaidi. Mapato ya mlangoni ya siku za Simba na Yanga yalitoweka, na mama lishe na bodaboda wa Bukoba walipoteza siku zao kubwa. Umbali haukupungua: basi la timu bado lilipita Muleba na Biharamulo kuelekea viwanja vya mbali, wakati fungu la kulilipia lilipungua.

Mkoa huu uliwahi kuwa na RTC Kagera, timu iliyobeba jina la kampuni ya biashara ya mkoa. Kampuni ilipokufa, timu haikuwa na pa kushika. Safari hii kiwanda kiko Missenyi, kinasaga miwa, na timu ilishuka hata hivyo.